Gia ya Tatu ya Lori la Mzee Nkwabi

Miezi miwili iliyopita nilikabidhi funguo za kabati la spana, nikavua ovaroli, nikafika nyumbani kabla ya saa sita mchana. Mke wangu aliniuliza kama naumwa. Tangu siku hiyo vijana wa karakana wamenijia mara tatu wakitaka niandike niliyoyaona kazini. Nimesoma mpaka darasa la nne, na mwandiko wangu mmeuona kwenye daftari la magari yaingiayo, kwa hiyo msitegemee mengi. Vyeo sitavitaja. Nilivyopata vilikuwa vichache, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuwasha gari. Nitaandika habari za mtu mmoja, lori moja na giaboksi moja. Mtu huyo alifariki zamani, na nilipoanza kuandika niliona kwamba bado sijamaliza kumlilia.

Nilirudi kutoka vitani nikiwa na koti la Keya, lile jeshi la Mwingereza, buti zilizonibana, na cheti kilichosema kwamba najua kuendesha lori na kulitunza. La kuendesha lilikuwa kweli. Kule jeshini gari likiharibika tulilisukuma kando ya njia tukapewa jingine, kwa hiyo nilirudi nikidhani nayajua magari, kumbe nilikuwa nimejua kuyaacha.

Nikapata kazi Shinyanga, kwenye gereji iliyokuwa jirani na stesheni. Mwenye gereji tulimwita tajiri, na humu nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa ananunua malori yaliyochoka, mengi yakiwa yametoka jeshini, anayapaka rangi na kuyauza kwa wenye maduka na wakulima wa pamba. Fundi mkuu wake aliitwa Mwinshehe, Mzaramo wa Kisarawe, mtu mfupi, mwenye masikio makubwa na vidole vilivyokwisha kucha. Siku ya kwanza nilimkuta amelala chini ya gari, miguu tu ndiyo iliyoonekana. Niliisalimu miguu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Msukuma."

Miguu ilitulia. Kisha akatoka chini ya gari polepole, akanitazama tangu kofia mpaka buti.

"Nimetoka kwetu kwa gari moshi, siku mbili sikulala," alisema, "ili nije nisaidiwe kazi na mtani. Haya. Mmetafuna michembe, viazi vikavu vile, tangu utotoni, kwa hiyo meno mnayo. Masikio je?"

"Masikio ninayo, fundi."

"Tutaona. Msukuma husikia ng'ombe tu."

Ninyi vijana mnajua utani wa siku hizi, wa kwenye mpira na harusini. Wakati ule Mzaramo na Msukuma walikuwa watani kwelikweli. Aliweza kuninyang'anya chakula mdomoni nisikasirike. Aliweza kunitukania babu yangu mbele ya watu, nami nikamjibu kwamba kwao mtu akipanda mnazi hupumzika miaka saba akiungoja. Wala haikuwa ruhusa ya kutukanana tu. Mtani ndiye aliyekuambia lile ambalo ndugu yako aliona haya kukuambia, na ukifa ndiye aliyeshughulikia mazishi yako.

Siku tatu za kwanza hakunipa spana. Alinipa fimbo. Ilikuwa ya mpingo, urefu wa mkono, imenyooka, ncha moja ina alama za meno. Gari likiwa linanguruma bila kutembea, aliigusisha ncha moja kwenye ganda la giaboksi, ya pili akaiuma, kisha akafumba macho. Sauti ya chuma hupita kwenye mti, ikaingia kwenye meno na kupanda mpaka ndani ya kichwa. Sikio huchanganyikiwa na kelele za nje, lakini meno hayana la kusikia ila hilo moja. Jaribuni. Beringi iliyolika husikika kama mtama unaosagwa pamoja na mchanga. Jino la gia lililovunjika hugonga kwa zamu, kama mtu mwenye mwiba mguuni anavyotembea. Giaboksi nzima huimba sauti moja nyembamba isiyopanda wala kushuka.

"Umesikia nini?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Nimesikia kelele, fundi."

"Kelele ni za sokoni. Uma tena."

Niliuma wiki mbili kabla ya kusikia kitu chenye jina.

Alinifundisha pia kulisoma gari lililotembea sana, na haya yaandikeni mahali, kwa kuwa watu watakuja kuwauliza kabla ya kununua. Mita ya maili msiitazame kabisa, maana hufa mapema au huuawa. Tazameni pedeli ya klachi. Mpira ukiwa umekwisha hadi chuma, gari limekanyagwa miaka mingi, na hilo si aibu, ni umri. Lakini mpira mpya kwenye gari kuukuu ni kama mzee aliyepaka rangi mvi zake, jiulizeni anakwenda kumwoa nani. Chovyeni kitambaa cheupe kwenye mafuta ya gia, mkisogeze juani. Mkiona chembe za chuma zikimetameta ndani yake, hiyo ndiyo dhahabu pekee inayomfukarisha aliyeiona. Mwisho, lipandisheni mlima likiwa na mzigo, kwa gia ya tatu, kisha mliteremshe na kuachia pedeli ya mafuta ghafla. Gia iliyolika hujitoa yenyewe, na mkono wake huruka kama panzi. Likiwa tupu, kwenye njia ya tambarare, gari lolote ni zuri.

Sasa nifike kwenye mashudu.

Mashudu mnayajua, ni makapi ya mbegu za pamba zilizokamuliwa mafuta, ambayo watu hulishia ng'ombe. Shinyanga yalikuwa hayaishi. Siku moja tajiri aliniita, akanionyesha lori moja la jeshi lililokuwa limepakwa rangi ya kijani. Injini yake ilikuwa nzima. Giaboksi ilikuwa inalia kama mbuzi aliyeachwa nyuma. Aliniambia nimwage nusu ya mafuta, nijaze mashudu yaliyosagwa laini, nirudishe kifuniko. Nilifanya. Sikuuliza. Nilijua ni nini, kwa sababu Fundi Mwinshehe alikuwa ameshanieleza: uji ule hujaa katikati ya meno ya gia, ukazima kelele kwa siku kadhaa. Gari likibebeshwa mzigo, uji hupata moto, hugeuka gundi, ukaziua beringi hata zile zilizokuwa nzima. Kwa hiyo si kuficha ugonjwa tu, ni kumwongezea mgonjwa sumu.

Fundi aliporudi kutoka kula aliuma fimbo yake kwenye lori lile. Kisha akaitoa mdomoni. Akaniambia, "Nani amemziba mdomo huyu?"

"Mimi, fundi."

Hakunitania siku ile. Ndivyo nilivyojua kwamba nimemuumiza.

Wiki tatu baadaye wakaja wanunuzi. Walikuwa wazee watatu kutoka kijijini kwetu, upande wa Geita, na mkubwa wao alikuwa Mzee Nkwabi. Nilipokwenda vitani ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani, kwa sababu baba yangu alikuwa amekwisha kufa. Kaya kumi na nne zilikuwa zimeuza ng'ombe ili zipate lori lao la kupelekea pamba kwenye kinu. Kila mwaka pamba yao ilinyeshewa ikingoja malori ya watu wengine. Katika ng'ombe wale walikuwamo wa mahari, na kuna vijana waliokubali kungoja mwaka mzima bila kuoa. Wangeweza kununua lori Mwanza, karibu zaidi. Walikuja Shinyanga kwa sababu walisikia Shija wao, yaani mimi, anafanya kazi hapo.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia.

"Mwangaluka, ng'wanawane." Alinishika kichwa kwa mikono miwili. "Tumewaambia nyumbani wasiwe na hofu. Sisi magari hatuyajui, lakini tuna mtoto wetu mle ndani."

Asubuhi ile tajiri alikuwa ametukusanya. Hakufoka, hakuwa mtu wa kufoka. Alisema tu kwamba kuuza ni kazi yake na kutengeneza ni yetu, na mwenye kuchanganya kazi hizo mbili atafute gereji nyingine. Fundi Mwinshehe alikuwa na mke na mtoto mchanga, Zuhura, katika chumba cha kupanga. Nilimwona akijikuna sikio, akifikiri. Kisha akaninong'oneza, "Tajiri amefunga milango yote, lakini mmoja hana ufunguo wake."

Wazee walipolizunguka lori wakipapasa rangi yake, Fundi alijitokeza akifuta mikono.

"Hawa nao wametoka wapi? Nasikia harufu ya michembe."

"Mzaramo huyo," Mzee Nkwabi alisema, na uso wake ukachangamka. "Kumbe mko hata huku? Nani anawalindia minazi?"

"Minazi inajilinda. Ninyi ndio mnaohitaji mlinzi. Mmezoea kununua ng'ombe, mnatazama mkia mnatoa mali. Lori hili bovu. Gia ya tatu imekwisha meno kama bibi yenu. Tumboni limejazwa mashudu, tena kayajaza huyu Shija wenu. Mkilinunua, pamba ya kwanza tu mtalifunga kwenye maksai liwafikishe nyumbani."

Alisema yote. Hakuacha neno. Alisema mbele ya tajiri, kwa sauti kubwa, na tajiri alitabasamu, kwa sababu aliyaona yaliyofuata kabla yetu.

Wazee walicheka. Mmoja wao alicheka hadi akashika bampa. "Mzaramo anataka tuliache," alisema, "ili alale ndani yake, maana nyumba hana." Mzee Nkwabi alifuta machozi ya kicheko. "Mashudu! Wewe mtani umetuweza."

Na mimi nilicheka. Hili ndilo ninaloliandika kwa shida. Nilicheka pamoja nao, nikimtazama Fundi Mwinshehe usoni, na yeye hakuwa anacheka.

Tajiri akasema lori lijaribiwe. Dereva nilikuwa mimi. Niliwapakia, nikawapeleka hadi stesheni na kurudi, njia tambarare, lori tupu. Niliingia gia ya tatu mara moja tu, polepole, nikikanyaga klachi mara mbili kama tulivyofundishwa, nikatoka humo upesi na kwenda ya nne. Giaboksi ilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Mzee Nkwabi, aliyekaa kando yangu, aliweka kiganja juu ya dashibodi kama mtu anayempapasa fahali. "Halina hata kelele," alisema. Nilitazama njia. "Wewe tangu utoto hukuwa msemaji," akasema, akaniachia hapo.

Tuliporudi, tajiri alikuwa ametandika karatasi juu ya pipa. Ndipo Mzee Nkwabi akatoa kamba kwenye mfuko wake wa ngozi.

Hapa lazima nieleze. Kijijini kwetu ng'ombe hakununuliwa na watu wawili. Alikuwapo wa tatu, anayejulikana na pande zote mbili, ambaye alishika kamba wakati mikono ya muuzaji na mnunuzi ilipokutana. Hakusema kitu. Lakini kwa kushika alikuwa amesema: ng'ombe huyu namjua, sikuficha kitu. Baadaye ikionekana kwamba mnyama ana kifua, watu hawakumfuata muuzaji. Walikwenda kwa aliyeshika kamba, na baada yake kwa watoto wake. Mzee Nkwabi alikuwa hajawahi kununua kitu kikubwa kwa njia nyingine, wala hakuona kwa nini lori lipate njia yake peke yake. Alifunga kamba kwenye bampa, fundo zuri la ng'ombe, akaikaza, akanipa ncha.

"Shika, mwanangu."

Tajiri alicheka kidogo. Mimi nilitazama mikono yangu. Niliyaona mashudu kwenye kucha, ingawa wiki tatu zilikuwa zimepita na nilikuwa nimenawa mara nyingi. Nikamtazama Fundi. Hakunikonyeza wala hakutikisa kichwa. Aligeuka akaanza kupanga spana zake ndani ya gunia, kubwa chini, ndogo juu, kama afanyavyo mtu anayesafiri.

"Baba," nilisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie, "siwezi kushika. Mtani wenu hatanii."

Mzee Nkwabi hakuelewa. Nikasema tena. "Yote aliyosema ni kweli. Hata lile linalonihusu mimi."

Garimoshi la mizigo lilipita lote na kwisha. Mzee aliifungua kamba kwenye bampa, taratibu, akaizungusha mkononi. Kisha akamwendea Fundi Mwinshehe.

"Mtani, sema tena ulichosema. Safari hii bila mchezo."

"Gia ya tatu imekwisha, mzee. Beringi zake mbili nazo. Injini nzima. Chasisi nzima. Mashudu yapo."

"Kwa nini hukuniambia hivi tangu mwanzo?"

"Nilikuambia. Ulicheka."

Mzee aliinamisha kichwa. "Kweli," alisema. "Nilicheka."

Tajiri alituambia sote wawili, kwa upole uleule, kwamba kesho tusije. Nilitegemea wazee waondoke nao wasirudi tena. Lakini Mzee Nkwabi alikuwa mfugaji, na mfugaji hamwachi mnyama mzima kwa sababu ya mguu mmoja. Aliuliza kama ugonjwa ule una dawa. Fundi akajibu kwamba dawa ni giaboksi ya lori jingine la aina ile, lililokufa kwa ugonjwa tofauti. Mzee akamgeukia tajiri. "Nitalinunua pamoja na ugonjwa wake," alisema, "kwa bei ya mgonjwa. Na mafundi hawa, kwa kuwa umewatupa, nawaokota." Bei ilishuka. Ilishuka kiasi gani si kazi ya maandishi haya.

Safari hiyo kamba niliishika, lakini Fundi Mwinshehe aliishika pamoja nami. Alisema Msukuma mmoja hatoshi.

Tulimwaga mashudu, tukaosha giaboksi kwa mafuta ya taa, tukaondoka bila kugusa gia ya tatu hata mara moja. Njia ya siku moja ilituchukua tatu. Mkewe Fundi, Mama Zuhura, alikaa mbele na mtoto. Fundi alikaa nyuma pamoja na wazee, na njia nzima nilisikia wakitukanana kwa furaha.

Lori lililokufa tulilipata Nkome, ziwani. Lilikuwa la mchuuzi wa samaki, injini yake ilipasuka, na kwa miaka miwili wanawake walikuwa wanaanika dagaa juu ya boneti. Fundi aliingia chini, akazungusha shafti kwa mkono, akauma fimbo yake, akafumba macho. Nilimngoja. Alipotoka alikuwa na magamba ya dagaa kwenye nywele. "Mzima," alisema, "ila amekula samaki wengi kuliko mimi."

Giaboksi si kitu cha kubeba kichwani. Tuliitoa, tukaifunga kwenye sanzu, ule mti wenye panda ambao watu wa kwetu hukokotea magogo, na maksai wanne wa Mzee Nkwabi wakaivuta siku mbili hadi kijijini. Njiani Fundi alikuwa anatembea kando yake, akiishika kila tulipovuka korongo, kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. "Niliwaambia mtafunga maksai," alisema. "Mkacheka."

Kuifunga kulituchukua wiki sita, kwa kuwa vyuma vingine tulivichonga wenyewe kwa tupa. Malipo yetu yalikuwa kulala na kula. Ulikuwa mwaka wa mvua haba, na chakula kilichokuwapo kilikuwa michembe, asubuhi kwa maziwa, jioni kwa karanga. Siku ya kumi Fundi alikitazama chungu, akaniambia, "Shija, nimekutukana mwaka mzima kwa kitu hiki. Mungu ana masikio kuliko mimi." Alikula. Alinenepa, hata suruali ikambana.

Kwenye kufunga niliharibu jambo moja, na ninaliandika kwa sababu vijana nanyi mtaliharibu. Nilikaza bolti za ganda kwa kufuatana, moja baada ya jirani yake, badala ya kukaza moja na kisha ile inayoelekeana nayo. Ganda likakaa upande, mafuta yakavuja. Fundi alikuja akatazama. Alizifungua zote kumi na mbili, akanipa spana, akaenda kukaa kivulini. Tangu siku hiyo sijavujisha giaboksi, na kila ninapokaza bolti huwa natazama kama kuna mtu kivulini.

Siku ya kujaribu tulipakia pamba hadi juu. Mzee Nkwabi alikaa pale pale alipokaa Shinyanga. Kulikuwa na kilima nyuma ya kijiji. Nililipandisha kwa gia ya tatu, kileleni nikaachia mafuta, tukaanza kuteremka. Mkono wa gia ulitetemeka kidogo chini ya kiganja changu, ukatulia. Uliendelea kutulia hadi bondeni. Kwenye kioo nilimwona Fundi Mwinshehe juu ya pamba, amelala kifudifudi, fimbo mdomoni, ncha yake imegusa chuma cha bodi. Sidhani kama alisikia chochote kupitia chuma kile. Alitaka tu kuwamo.

Mavuno yale pamba yetu haikunyeshewa. Vijana wa mahari walioa mwaka uliofuata.

Baada ya hapo sisi wawili tukapata kazi Geita, kwenye karakana ya mgodi, ambako ninyi mlinikuta. Tulifanya kazi bega kwa bega zaidi ya miaka kumi. Magari yalikuja na vumbi la mawe kwenye beringi, na madereva walikuja na hadithi za uongo kuhusu namna zilivyovunjika. Kila gari la kununuliwa na mtu tunayemjua lilipita kwenye fimbo kwanza. Fundi alikuwa na masharti mawili: asilipwe kwa kuuma, na mwenye gari asimame karibu asikie hukumu kwa masikio yake. Hakutania tena juu ya gari. Juu ya mengine yote alitania, lakini akifika kwenye gari alivua kofia kwanza, na watu wote wa Kalangalala, mtaa wetu pale Geita, walijua kwamba kofia ikivuliwa, mchezo umekwisha.

Kifua kilimshika miaka michache kabla ya Uhuru. Aliugua kwa miezi minne. Nilikuwa nakwenda kwake kila nikitoka kazini, nikimweleza magari ya siku ile na sauti zake. Yeye alikuwa anataja ugonjwa, mimi nasema kama amepatia. Hakukosa hata mara moja, ila mara mbili nilimdanganya kwamba amepatia. Hili nalo ni kweli, naliandika.

Alifariki asubuhi, siku ya kazi. Ndugu zake wote walikuwa Kisarawe, na barua ilikuwa haijafika hata Tabora. Mama Zuhura aliniita uani. Hakuwa analia.

"Shija, huku hana mtu ila ninyi watani. Mzaramo hazikwi kimya. Usiniangushe, baba."

Msiba ukajaa Wasukuma. Mmoja alilala kwenye mkeka wa marehemu akidai arithishwe. Wengine waliificha koleo, wakasema shimo halitachimbwa mpaka Mzaramo alipe michembe yote aliyokula. Watu walicheka huku wakifuta macho, na ndivyo inavyotakiwa. Waliningoja mimi, kwa sababu ndiye niliyekuwa mtani wake kuliko wote. Nilikuwa nimetayarisha maneno usiku kucha, kuhusu minazi na uvivu. Mimi si mwepesi wa mzaha, mnanijua.

Nilikwenda mbele na fimbo yake. Niliigusisha ncha moja kwenye jeneza, ya pili nikaiuma pale palipokuwa na alama za meno yake, nikafumba macho. Nilisikiliza muda mrefu kuliko ulivyohitajika kwa utani. Nilipofumbua macho, maneno yote niliyoyatayarisha yalikuwa yamekwenda.

"Jamani," nilisema, "leo hatanii."

Wakacheka. Walicheka sana, wakapiga makofi, wakasema Shija naye kumbe anaweza. Hata Mama Zuhura alitabasamu ndani ya kanga yake. Nilisimama pale nikijua jinsi alivyojisikia Fundi siku ile mbele ya lori, na sikuwa na la kuongeza, kwa sababu nilikuwa nimeshasema.

Mzee Nkwabi alikuwa amekuja na watu wa kijijini, kwa lori lile lile. Alikuwa ameshazeeka, anatembea kwa kushikwa. Katika watu wote wale, yeye peke yake hakucheka. Alisogea hadi nilipokuwa, akashika ncha ya pili ya fimbo. Tulisimama hivyo, mimi huku na yeye kule, tukiwa tumeishika kama kamba, mpaka udongo ukajaa.

Fimbo nimeiacha kwenye kabati la spana, nyuma ya jeki kubwa. Alama za meno zilizo ndani zaidi ni zake. Anzeni na hizo.